Jinsi ya Kuuogopa Mnara wa Fischer Ipasavyo

Kila mtu hufika chini ya Mnara wa Fischer na woga wake kamili, na karibu kila mtu huutumia vibaya. Anaumaliza wote kule juu, kwenye upepo, mahali ambapo kamba inamlinda kuliko mahali pengine popote siku hiyo. Chini, alikopaswa kuogopa mpaka koo limkauke, anapiga soga na kumenya ndizi. Mwongozo huu ni wa kurekebisha matumizi hayo. Ujasiri sikufundishi, kwa sababu kwenye mwamba siuamini sana. Ninaamini woga uliopangwa, unaojua saa ya kuja na saa ya kukaa kando.

Mnara wenyewe uko katika mbuga ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ni nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa mita 25, imesimama peke yake uwandani si mbali na Lango la Elsa. Jina ni la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Zanzibar. Alitoka Pangani na msafara wa wapagazi, akafika Naivasha 1883, na hapo Wamasai wakamzuia asiendelee. Mbuga ilitangazwa rasmi 1984. Leo wageni hufika na baiskeli za kukodi, wakapiga picha, wakawatazama pimbi wanaoota jua kwenye mawe, na wachache wakauliza kama inawezekana kupanda.

Inawezekana. Na mita 25 zinaonekana chache mpaka uwe juu yake. Ukuta wa kawaida una mlima nyuma yake. Ukiuegemea unahisi jiwe lina mgongo unaokushika. Mnara hauna mgongo. Ukiufuata ukingo wake una hewa kushoto, hewa kulia, na ukichungulia katikati ya miguu unawaona pundamilia wakila nyasi chini ya kisigino chako. Hakuna tawi wala kichaka cha kudanganya macho. Ni wewe, upepo unaotoka upande wa ziwa, na jiwe lenye upana mdogo kuliko ulivyotazamia. Hapo ndipo watu wazima, wenye kazi na familia, huanza kuongea na Mungu kwa sauti.

Kwa hiyo tuanze mapema. Anza kuogopa langoni. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache za Kenya ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli katikati ya wanyama, na uhuru huo huwafanya watu wasahau kwamba nyati ni nyati. Dume mzee aliyeachana na kundi, amesimama peke yake kando ya njia akikutazama bila haraka, anastahili woga mwingi kuliko bolti yoyote utakayoigusa leo. Simama mbali. Subiri aondoke yeye kwanza. Asipoondoka, zunguka mbali, au rudi ulikotoka. Mwamba hauhami.

Woga wa pili uweke kwenye mawingu. Wengi wakishamaliza kupanda hutamani kuteremka kwenye korongo la Njorowa kupoza miguu, na kuta zake ni nyembamba kiasi kwamba maji yakija hakuna pa kukimbilia. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo 2012, yakaua tena 2019. Mvua si lazima ikunyeshee wewe. Inatosha inyeshe kwenye miinuko ya mbali, nawe umekaa juani ukiwaza chakula cha mchana. Ukiona anga limekuwa jeusi upande wowote, au ukisikia ngurumo, korongo la siku hiyo limefungwa kwako hata kama hakuna aliyekuzuia. Mnara nao unaachwa, kwa sababu nguzo moja iliyosimama peke yake uwandani si mahali pa kukaa wakati wa radi.

Sasa tuko chini ya mwamba, na hapa ndipo ninapokuomba uogope kwa moyo wako wote.

Njia za bolti hufanya kazi hivi. Mtu fulani alitangulia na drili, akatoboa mwamba, akaingiza bolti za chuma kila baada ya mita kadhaa, na juu kabisa akaweka nanga, yaani bolti mbili zenye pete. Wewe unapanda na kamba imefungwa kiunoni. Ukiifikia bolti unaipachika karabina, yaani pete za chuma zenye lango linalofunguka, mbili zilizounganishwa kwa ukanda mfupi: moja inashika bolti, nyingine inashika kamba. Mwenzako aliye chini anaishika kamba kwa kifaa maalumu, anakulegezea unapopanda, anaibana ukianguka. Vyuma hivi havina ubishi. Karabina moja iliyofungwa vizuri lazima ivumilie angalau kilonewtoni 20, zaidi ya tani mbili. Ungeweza kuwatundika nyati madume wawili wakubwa na bado ikabaki nafasi ya ndama. Chuma si shida. Shida ni vidole vilivyokishika chuma, na akili iliyokuwa ikifikiria jambo jingine.

Msikilize Lynn Hill, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wakweaji bora duniani. Mwaka 1989 alikuwa Buoux, kusini mwa Ufaransa, akijiandaa kupanda njia ambayo kwake ilikuwa ya kupasha mwili joto tu. Alianza kufunga fundo lake, akakatizwa kidogo, akavaa viatu, koti likaifunika kamba, akapanda. Alifika juu bila taabu. Akaegemea nyuma ili ashushwe, kamba ikachomoka kiunoni. Alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalimpunguzia kishindo, akatoka na majeraha, akapona. Miaka minne baadaye alikuwa mtu wa kwanza kuipanda kwa mikono na miguu yake tu The Nose, ile njia ndefu ya jabali la El Capitan huko Marekani ambayo ina karibu mita 900 za hewa chini yake, kamba ikiwa ya kumdaka tu. Mita 900 hazikumfanya kitu. Kilichokaribia kumuua kilikuwa fundo lisilomaliziwa, alilolifunga akiwa amesimama ardhini.

Ndiyo maana fundo linatakiwa liogopwe na watu wawili kwa pamoja. Fundo la nane, limefuatishwa njia yake yote hadi mwisho, limepita kwenye vitanzi vyote viwili vya hanesi, cha kiuno na cha miguu, mistari imelala sambamba jozi kwa jozi bila kupandana, na mkia uliobaki haupungui shibiri. Unapolifunga, hakuna anayekusemesha. Akikusemesha, acha, ufungue, uanze upya. Usiendelee kutoka ulipoishia, kwa sababu hujui ulipoishia. Kisha mazungumzo yawe hivi:

"Kaka, nionyeshe fundo."

"Nimeshafunga."

"Sijakuuliza kama umefunga. Nionyeshe."

Naye anakuonyesha, unalishika kwa mkono, unalivuta. Yeye naye anakionyesha kifaa chake cha kushikia kamba: kamba imeingia upande sahihi, karabina imefungwa kufuli, hanesi imekaa juu ya mifupa ya nyonga. Ufanye ukaguzi huu na bingwa na mwanagenzi sawasawa, na ufanye hata pale unapoona aibu kumkagua aliyekuzidi umri. Mzee wa heshima akikuambia yeye hakaguliwi, mwamkie vizuri, kisha tafuta mtu mwingine wa kupanda naye.

Hilo linatuleta kwenye uchaguzi wa mshika kamba, ambao watu huufanya ovyo kuliko wanavyochagua duka la viatu. Usimchague kwa mapenzi. Mchumba wako anaweza kukupenda sana na bado akaiachia kamba ili apige picha ya namna unavyopendeza juu ya mwamba. Usimchague kwa ucheshi wake, wala kwa sababu ndiye mwenye gari. Mtazame saa nzima akiwa na mtu mwingine. Je, mkono wake wa breki unaondoka kwenye kamba hata mara moja? Usipoondoka wakati anapungia wageni wanaopita na baiskeli, usipoondoka anapokohoa, usipoondoka simu inapoita mfukoni, huyo mshike usimwachie. Vifaa vya kisasa hujibana vyenyewe kamba ikivutwa kwa nguvu, na hilo limewafanya baadhi ya watu kuamini kwamba kifaa ndicho kinachoshika. Hapana. Kifaa kinasaidia mkono. Hakikuajiriwa kuchukua nafasi yake.

Angalia pia uzito. Mshika kamba mwepesi kuliko wewe kwa kilo 20 atarushwa kuelekea bolti ya kwanza siku utakapoanguka, na akijigonga mwambani anaweza kuiachia kamba. Kuna njia za kulitatua hilo, ikiwemo kumfunga kwa mkanda kwenye kitu imara chini yake. Lizungumzeni kabla, si baada.

Haya, unapanda. Woga wako ubaki juu kabisa mpaka bolti ya tatu, na nitakueleza kwa hesabu. Tuseme bolti ya kwanza iko mita 3 kutoka ardhini na ya pili mita 5. Kiuno chako kimefika usawa wa ile ya pili, umevuta mita moja ya kamba uipachike kwenye karabina, na mguu unateleza kabla hujapachika. Utashuka mita 2 hadi usawa wa bolti ya kwanza, mita 2 nyingine chini yake, na ile mita moja uliyokuwa umeishika mkononi. Jumla mita 5. Ulikuwa mita 5 juu. Na kamba haijaanza hata kuvutika. Hapa watu huvunja vifundo vya miguu, huku watazamaji wakidhani hapa ndipo rahisi kwa sababu ni karibu na ardhi.

Kwa hiyo chini hapo usiwe na haraka. Vaa kofia ngumu. Kushika si kuvuta: gonga kila jiwe kwa kiganja kabla ya kulipa uzito, kwa kuwa mwamba wa volkano una vipande vinavyoonekana imara na vikiguswa vinalia kama vitupu. Kamba itoke ukutani ikipita kwenye karabina ije kwako. Ukiipachika kinyume, ukianguka inaweza kuligonga lango la karabina na kujichomoa. Lango likiwa wazi, ile karabina ya zaidi ya tani mbili haina dhamana ya kuhimili hata nusu ya mzigo huo. Mguu wako usikae kati ya kamba na ukuta, maana ukianguka kamba itaunasa na kukupindua kichwa chini. Mambo haya yote hutokea polepole, ukiwa karibu na ardhi, na yote yanazuilika.

Kisha unaipita bolti ya tatu, ya nne, ya tano, na lile jambo linakuja. Unahisi upepo mgongoni. Sauti za walio chini zinaanza kukufikia zikiwa zimechakaa. Goti moja linaanza kutetemeka lenyewe bila kukushauri, vidole vinakaba jiwe kwa nguvu ambayo ingetosha kwa watu watatu, misuli ya mkono inajaa na kuwa migumu, na mate yanaisha. Mwili unakwambia utakufa.

Hapa sasa, woga uweke kando. Rudia hesabu. Bolti yako ya mwisho iko mita 18, kiuno kiko mita 20. Ukiteleza utaanguka mita 2 hadi bolti, mita 2 chini yake, ongeza kamba iliyolegea na mvutiko wake, tuseme mita 7 kwa jumla kwa ukarimu. Bado una mita 13 za hewa kabla ya ardhi. Na kamba ya kukwelea imefumwa ili ivutike: kadiri iliyotoka inavyokuwa ndefu, ndivyo inavyokumeza taratibu zaidi. Ukuta ukiwa wima au ukiinama kuja kwako, hewa ile unayoiogopa ndiyo inayohakikisha hugongi kitu. Woga wangu mimi hurudi pale tu ninapoona ngazi ya mwamba chini yangu, au sehemu iliyolala, au ncha kali ambayo kamba ingesugua. Hivyo ni vitu. Utupu mtupu haujawahi kumvunja mtu mguu. Kinachovunja ni kile kinachojitokeza ndani yake.

Watakwambia usitazame chini. Wamasai wana simulizi kuhusu mnara huu: binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa alikatazwa kugeuka nyuma, akageuka kutazama kwao mara ya mwisho, akawa jiwe. Ni simulizi nzuri, na ninaiheshimu. Lakini mkweaji akilichukua katazo hilo hadi mwambani ataumia, kwa maana miguu iko chini. Anayeogopa kutazama chini huacha kutumia miguu. Hujivuta kwa mikono, na mikono haikuumbwa kubeba mwili mzima kwa dakika kumi. Tazama chini. Itazame ncha ya kiatu, itafutie ukingo wa jiwe, iweke pale kimya bila kuipigapiga, kisha usimame juu yake kwa kunyoosha goti. Goti linalotetemeka limepewa kazi ya kungoja. Lipe kazi ya kusukuma nalo litatulia. Shusha kisigino kidogo. Toa pumzi yote nje kwa mdomo, hata kwa kelele, kwa sababu utagundua ulikuwa umeibana tangu bolti mbili zilizopita. Nyoosha mkono mmoja kuelekea ardhini, uutikise damu irudi, ubadilishe. Kisha songa. Kusimama mahali pabaya ukijadiliana na nafsi kunachosha kuliko kupanda.

Na kama mwili bado haukubali hesabu, ufundishe kwa vitendo. Ukiwa juu sana ya ardhi, mahali pasipo na ngazi ya mwamba, na mshika kamba akijua, jiachie ukiwa usawa wa bolti. Siku nyingine jiachie ukiwa nusu mita juu yake. Baadaye mita moja. Mwili hausomi magazeti, unaamini ulichoupitisha.

Pimbi watakuona. Wanyama hawa ni ndugu wa tembo kwa ukoo, na nyayo zao zina nyama laini yenye unyevu inayonata kwenye jiwe; wanapita bila kamba pale unapolia. Wasikuaibishe, wala usiwape chakula.

Kule juu, kwenye nanga, rudisha woga wote. Umechoka, umefurahi, unataka picha, na hiyo ndiyo hali mbaya zaidi ya kufanya uamuzi. Ajali nyingi za kileleni huanza kwa watu wawili kutoelewana: aliye juu anadhani anashushwa, aliye chini anadhani mwenzake atajishusha mwenyewe, ameshatoa kamba kwenye kifaa. Mmoja anaegemea nyuma. Upepo wa mnarani hubeba maneno kuyapeleka mbali, kwa hiyo msitegemee kupiga kelele. Makubaliano yafanyike ardhini kabla ya kupanda: nitashushwa, hutatoa kamba kwa hali yoyote mpaka miguu yangu iguse chini. Kabla ya kuachia, jivute karibu na nanga, subiri uhisi kamba imekubeba, ndipo uachie mikono. Na mwisho wa kamba ulio chini ufungwe fundo. Njia ya mita 25 inakula mita 50 za kamba kupanda na kushuka; kamba fupi isiyo na fundo mwishoni huteleza ikatoka kwenye kifaa, na anayeshushwa anaanguka mita za mwisho akiwa bado anatabasamu.

Ukipata ladha, utatamani kuta kubwa zilizo ng'ambo, zile ndefu zenye nyufa wima. Kabla hujazigusa, waulize walinzi wa Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) sehemu zipi zinaruhusiwa. Tumbusi wa Rüppell hujenga viota kwenye majabali haya. Mwaka 1973 mmoja wa ndege hawa aligongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan ikiwa kwenye kimo cha mita 11,300, na leo wako hatarini kabisa kutoweka, wengi wakiuawa kwa mizoga iliyotiwa sumu. Mkweaji akitokeza karibu na kiota, mzazi huruka, na yai au kinda likabaki juani. Hakuna njia inayostahili gharama hiyo, hata iwe nzuri vipi. Ukuta wenye viota si wetu mpaka makinda yaruke.

Baada ya kushuka, ipitishe kamba yote mikononi kabla ya kuikunja, ukitafuta mahali palipokuwa laini, bapa, au pagumu kuliko pengine. Na kama njiani uligusa bolti ikacheza, usiondoke nayo kimya. Waambie waongozaji walioko mnarani siku hiyohiyo, kwa ukamilifu: njia ipi, bolti ya ngapi kutoka chini, inazunguka au inatoka nje, ina kutu au haina, na kama mwamba ulioizunguka umepasuka.